Kanzu ya Baba Mkwe Ndani ya Mashine Yangu

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimechuchumaa na bisibisi mkononi, mashine yangu iko wazi mgongo nje, na mama mkwe amesimama mlangoni ananiuliza kama nimeolewa na mwanawe au nimeolewa na chuma.

Nilimjibu. Mdomo wangu mnaujua.

"Mama, nimeolewa na mwanao. Ndiyo maana nahitaji chuma."

Akasonya msonyo mrefu mpaka kuku wakageuka.

Kwa aliyechelewa kuingia, nimfupishie. Naitwa Evangelina, mzaliwa wa Igurwa, nimeolewa huku Nyakatuntu kwa mwanamume anayeitwa Kahigi. Binti yetu Ainebyona nilimpata kwa kisu. Kidonda kikanitesa miaka, na mwaka huu daktari akanikataza kabisa kuinamia beseni na kukamua mashuka. Hapo ndipo nilipokumbuka urithi wangu. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dobi kwenye nyumba ya wageni ya misheni moja kule Karagwe. Wazungu walipofunga virago walimwachia mashine yao ndogo ya kufulia, na kikaushio chake kinachokaa juu yake, vyote rangi ya parachichi, vya miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa. Vilikuwa stoo. Kuku walikuwa wanatagia humo.

Tangu nivilete hapa nyumbani sijaonja raha. Mara ya kwanza kuiwasha, mota iliungua ikatoa moshi kama jiko la kuni mbichi, kwa sababu mashine ni ya Marekani, inataka umeme nusu ya huu wetu, na mimi niliichomeka tu ukutani. Fundi Mudathir wa pale senta akatafuta mota nyingine na transfoma, watu wakasema natembea na fundi. Kikaushio kilipopona, wifi yangu Vero akakijaza kahawa mbichi ati ikauke upesi, mvua hizi haziishi. Pipa likakwama, mkanda ukakatika, na lawama nikabebeshwa mimi.

Hayo yote nimeshayasimulia. Nikadhani balaa limekwisha, kumbe lilikuwa bado linavaa viatu.

Jumamosi iliyofuata Mudathir alikuja kumalizia. Mpira wa mlango alikuwa ameutengeneza kwa tyubu ya gari, akaukata kwa wembe taratibu, akaubandika. Kwenye kikaushio akafunga koili ya jiko la umeme badala ya ile iliyokufa. Kutu nilikuwa nimeipiga msasa mwenyewe mpaka vidole vikachubuka.

"Mama Aine," akaniambia, akijifuta mikono, "sasa hii bibi imepona. Lakini ni bibi, sawa? Usimpe mizigo ya msichana. Nguo chache chache. Na usimwache atembee, mwekee mawe miguuni."

"Ahsante fundi."

"Na mimi sirudi hapa tena," akasema kwa sauti ya chini. "Mumeo jana kanisalimia kama mtu anayenipima jeneza."

Akapanda pikipiki yake akaondoka. Mama mkwe akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

"Kaenda mpenzi wako?" akauliza.

"Kaenda fundi wangu, Mama."

"Basi sikiliza, wewe mwanamke wa Igurwa. Fua vyako. Fua vya mwanangu kama amekubali kuvaa nguo zilizozungushwa kama ngano ya mashineni. Lakini nguo ya mume wangu, hata leso, isilikaribie hilo pipa. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Na nilikubali kwa moyo mweupe. Hapa lazima niwaeleze wenzangu mnaosoma kutoka mikoa mingine, msije mkaniona nakuza mambo.

Kwenye ukoo huu, baba mkwe na mkamwana hawakaribiani. Mzee Aristides, baba yake Kahigi, katekista mstaafu, mtu wa kanzu nyeupe na koti jeusi, hakuwahi kunisemesha hata neno moja tangu niolewe. Nikimwona anakuja njia ya migombani, mimi natoka kando, napiga magoti kutoka mbali, nainamisha uso mpaka apite. Akitaka chumvi anamwambia mkewe aniambie, hata kama nimesimama pale pale na masikio ninayo. Nguo zake zina beseni lake na kamba yake, nyuma ya nyumba kubwa, upande wa mibuni. Nguo zangu zina kamba yangu, huku upande wa jikoni. Upepo ukipeperusha kanga yangu ukaiangusha kwenye kamba yake, hiyo ni kesi.

Sasa nani anataka kufua nguo za mtu wa namna hiyo? Mimi? Hata kwa kulipwa.

Jumamosi ile jioni nikapakia mashine kwenye kibanda chake pale uani kabisa ili Jumapili iwe ni kufungua maji tu. Niliweka mashuka yangu meupe, kanga mbili, gauni la Aine, na gagulo langu la pinki. Nikafunga mlango, nikatia mawe miguuni, nikaenda kupika.

Jumapili baada ya misa nikakuta uwanja umejaa. Wanawake wa jumuiya nzima! Wamekaa kwenye majani, wengine wamebeba watoto, wanasubiri kama wanasubiri mchezo.

Vero alikuwa katikati yao, anatabasamu.

"Nimewaalika, wifi," akasema. "Nimewaambia leo unazindua kiwanda."

Nilijua nia yake. Alitaka mashine ilipuke mbele ya mashahidi.

Nikasema moyoni, haya, mtaona. Nikafungua koki ya tangi, maji yakapita kwenye mpira, yakaingia. Nikazungusha kitufe cha saa. Kimya kidogo. Halafu bibi akakohoa, akanguruma, akaanza kuzungusha.

Jamani! Nilitaka kulia. Miezi yote ile ya kutu na matusi, na sasa nasikia maji yanapiga nguo, paa, paa, paa, na mikono yangu iko kiunoni. Povu likatoka kwenye bomba likaenda migombani. Hata wale waliokuja kucheka walisimama kutazama. Bibi mmoja akauliza kama inaweza kufua na blanketi.

Ilipomaliza nikafungua mlango. Nguo zilikuwa zimejiviringisha zote kuwa bonge moja, kubwa, zito, jeupe. Sikulichambua. Watu wananitazama, Vero anasema, "Haya, tuone hicho cha juu!" Nikalibeba bonge lilivyo, nikalisukumiza kwenye kikaushio, nikafunga.

Koili ya jiko la umeme ikapata moto. Joto likatoka. Harufu ya nguo safi ikajaa kibandani, na mama mkwe mwenyewe nikamwona amesogea karibu, anajifanya anamtafuta kuku.

Nikafungua. Nikatoa kanga ya kwanza, imekauka, ya moto. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikatoa shuka. Nikatoa gauni la Aine. Nikashika gagulo langu, nikavuta.

Halikuja.

Nikavuta tena. Likaja na mkono.

Mkono mrefu, mweupe, wa kanzu. Ulikuwa umejifunga kwenye kiuno cha gagulo na kukaza fundo. Nikavuta kwa hofu, na kanzu yote ikateremka mbele ya watu, na kwenye kola yake ule uzi wa rangi ya damu ya mzee ambao Nyakatuntu nzima inaujua, kwa maana ndiyo kanzu iliyosimama mbele ya kanisa miaka yote ikifundisha katekisimu.

Kanzu ya baba mkwe wangu ilikuwa imelikumbatia gagulo langu la pinki mbele ya wanawake wa jumuiya.

Vigelegele vikakatika. Nikasikia mtu mmoja anasema, "Yesu na Maria."

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga yake. Alipoifunua alikuwa mtu mwingine.

"Umemvua mume wangu nguo mbele za watu!" akapiga kelele. "Mume wangu! Mzee wa watu! Umemlaza na vya ndani vyako kwenye pipa moja!"

"Mama, mimi sikuiweka! Nakuapia kwa Mungu!"

"Usimtaje Mungu na hilo gagulo mkononi!"

Nikalitupa chini. Kosa jingine, kwa sababu kanzu nayo ilikuwa bado imefungwa humo, ikaanguka kwenye tope la povu. Ukatoka mguno kwa watu wote pale.

Mama mkwe Kantengwa si mtu wa kulia. Siku hiyo alilia. Na nilichukia kwamba alilia kweli, kwa sababu ningependa awe anaigiza.

Kahigi akafika mbio kutoka shambani, panga mkononi.

"Kuna nini?"

Wakamweleza wote kwa mpigo. Akaitazama kanzu, akanitazama.

"Imeingiaje?"

"Sijui, Baba Aine."

"Hujui? Mashine ina miguu? Ilitembea ikaenda chumbani kwa baba ikachagua kanzu?"

"Nimesema sijui! Muulize dada yako!"

Hapo hasira zikanipanda. Nilimgeukia Vero, nikamshika kanga yake shingoni.

"Ni wewe! Ulitia kahawa, sasa umetia kanzu! Ndiyo maana ukaita watu! Sema!"

Vero hakujitetea hata kidogo. Akaniachia nimtikise nitakavyo, kisha akasema kwa sauti ya upole, ile ya kuua.

"Wifi, mimi tangu Ijumaa nilikuwa Isingiro kwenye sendoff, kumuaga binti wa shangazi anayeolewa. Nimeshukia kanisani leo asubuhi, begi mkononi, na habari za mashine kanipa Mama. Hawa wote wameniona."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Kweli, walimwona. Hata mimi nilimwona.

Nikaiachia kanga yake. Nikawa mwanamke aliyemdhalilisha baba mkwe, akamliza mama mkwe, na akamkaba wifi asiye na kosa, yote kabla ya chakula cha mchana.

Kahigi akampigia simu baba mdogo Gosbert, mdogo wake mzee, msemaji wa ukoo. Kikao kikapangwa kesho yake alasiri. Mume wangu akachukua mto wake akahamia kwa mama yake. Mama mkwe akamchukua Aine.

"Huyu hatalala kwa mtu asiyejua mipaka," akasema.

Mwanangu alilia njia nzima mpaka nyumba kubwa. Ni hatua chache tu, lakini nilimsikia kama anapelekwa nchi nyingine.

Na adhabu niliijua. Mke wa namna hiyo anarudishwa kwao mpaka ndugu zake waje na mbuzi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, waombe radhi. Mimi kwetu Igurwa sina wa kuja. Baba hayupo, na kaka zangu walishagawana kibanja, shamba la baba, wakaniambia mlango wangu uko Nyakatuntu. Kurudishwa kwangu kusingekuwa na kurudi. Na mtoto ni wa ukoo, habebwi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa migombani nakata majani ya kufunikia ndizi. Nakata na kutukana peke yangu. Nikasikia mtu anakohoa.

Nikageuka. Nikaona mgongo. Koti jeusi, fimbo, kofia. Mzee Aristides alikuwa amesimama nyuma ya mgomba, amenipa mgongo, anatazama mibuni.

Nikaanguka magotini, nikainamisha uso. Nikasubiri apite.

Hakupita.

"Ile kanzu," akasema, "niliiweka mimi."

Nilidhani anaongea na mtu mwingine. Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu.

"Usinijibu kama huwezi. Sikiliza tu. Tangu mvua zianze mwili wangu hauniitikii. Naamka nimelowa, huko chumbani kwangu peke yangu. Mimi. Nilianza kufua mwenyewe kule bondeni, mgongo ukakataa. Ijumaa nilirudi msibani nimechoka, nikalala na kanzu. Nikaamka nayo hivyo hivyo."

Sauti yake ilikuwa ile ile ya kanisani, isipokuwa ilikuwa inakatika.

"Mama Kahigi nikimwambia leo, kesho jumuiya inaniombea kwa sauti. Wanangu nikiwaambia, watagawana vibanja vyangu nikiwa hai. Jumamosi jioni nikaona umeijaza mashine ukaenda jikoni. Nikaisokomeza nyuma, chini ya mashuka."

Midomo yangu ikafunguka yenyewe.

"Kwa nini kwangu, Baba?"

Akachokonoa udongo kwa ncha ya fimbo.

"Kwa sababu wewe ndiye mtu pekee hapa nyumbani asiyeruhusiwa kuniuliza swali. Nilijua utaiona ukiwa peke yako, utaianika, utanyamaza. Sikujua Vero angeleta watu."

Nawaambia ukweli, nilitaka kumpiga na mgomba. Mtoto wangu yuko kwa mkewe, ndoa yangu iko mdomoni kwa Gosbert, na yeye ananiambia alinichagua kwa sababu sina mdomo! Na papo hapo nilimwonea huruma. Mzee yule kabeba kanzu mbichi jioni, ananyata kwenye kibanda cha mkamwana wake kama mwizi wa mayai.

"Leo kwenye kikao nitasema mwenyewe," akasema. "Wewe nyamaza. Niachie mimi."

"Ndiyo, Baba."

Akaondoka bila kugeuka. Nami nikabaki magotini na lundo la majani, nikamshukuru Mungu. Nikasema, leo watanyamaza wao.

Alasiri wakakaa. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka, mimi peke yangu kwenye kigoda karibu na mlango. Kibuyu cha rubisi kikapita na mrija wake. Mzee Aristides alikuwa kwenye kiti chake cha kona, fimbo katikati ya magoti.

Gosbert akasafisha koo.

"Mke wa Kahigi. Hatukuiti hapa kwa ugomvi. Tunauliza jambo moja. Kanzu ya kaka yangu iliingiaje kwenye nguo zako?"

Nikainama. "Baba, mimi sikuiweka."

"Nani aliiweka?"

Nikatazama kona. Mzee alikuwa anavuta rubisi kwa mrija, taratibu, macho kwenye kibuyu.

"Nimekuuliza nani."

Nikasema moyoni, sasa. Sasa atasema.

Mzee akapitisha kibuyu kwa mwenzake. Akafuta midomo. Hakusema.

"Mnaona?" mama mkwe akadakia. "Hana jibu! Kwetu mkamwana hata kivuli cha mkwe wake hakanyagi. Huyu kakichukua kivuli chenyewe akakitia kwenye sabuni!"

"Na akanikaba," Vero akaongeza.

"Kahigi," Gosbert akasema, "wewe unasemaje?"

Mume wangu alikuwa anachuna kucha. "Kama ukoo umeamua, mimi ni nani."

Ni nani! Mwanamume niliyemzalia nikapasuliwa tumbo, anauliza yeye ni nani!

Gosbert hakuchelewa. Nirudi Igurwa leo leo, mpaka watu wangu waje kuosha jina la mzee. Nguo zangu nizichukue. Mtoto abaki.

"Aine ana miaka minne," nikasema. "Hajui kulala bila mimi."

"Atajifunza," mama mkwe akajibu.

Nikamtazama mzee. Safari hii sikuinamisha uso, nilimkodolea macho waziwazi mbele ya ukoo wote. Nilikuwa na sentensi moja tu mdomoni, fupi, na ingemrudisha mwanangu mapajani kwangu kabla haijaisha. Mzee alikuwa anatazama sakafu.

Sikuisema. Msiniulize kwa nini. Sijui kama ilikuwa heshima au ujinga.

"Na hilo chuma livunjwe," Gosbert akamalizia. "Lisibaki kwenye kibanja hiki."

Kahigi akasimama upesi. Kwa hilo alikuwa na nguvu. Akaenda stoo akatoka na sururu, na wote wakamfuata hadi kibandani, mimi nyuma yao na begi langu. Aine alikuwa mgongoni kwa Vero, ananinyooshea mikono.

Mashine yangu ilikuwa imekaa na mawe yake miguuni, inang'aa. Nilikuwa nimeipaka rangi iliyobaki ya geti, kwa sababu ile ya parachichi haikupatikana popote. Kahigi akainua sururu.

"Subiri," mama mkwe akasema. "Nione kwanza kama hakuna cha mume wangu kingine humo."

Akafungua mlango, akaingiza mkono. Uso wake ukabadilika. Akavuta.

Likatoka shuka. Shuka zito, lenye maua aliyoyadarizi yeye mwenyewe pembe zote nne, la kitanda cha mzee. Lilikuwa bichi. Halikuwa limefuliwa. Harufu yake haikuhitaji kuelezwa, ikajaa kibandani, na wanaume wakarudi nyuma.

Mzee alikuwa ameliweka asubuhi ile ile, hata baada ya yote yale. Hakuwa na mahali pengine.

Mama mkwe alilishika shuka lile. Akatazama maua yake. Akalinusa, polepole, kama mama anavyonusa nguo ya mtoto. Kisha akageuka akamtazama mumewe, na nikaona macho yake yanaelewa. Nilikuwa karibu naye. Nawaapia, alielewa. Mwanamke aliyelala nyumba moja na mtu maisha yote haambiwi mara mbili.

Akanitazama mimi. Akajua kwamba na mimi najua.

Nilidhani huo ndio mwisho wa vita vyetu.

"Mchawi!" akapaza sauti, akinielekezea kidole. "Mnaona? Anaingia chumbani kwa mume wangu anachukua matandiko! Kayalowesha mwenyewe kwa dawa zake! Ni mchawi!"

Alikuwa anamficha mumewe. Na pa kumfichia alipaona mgongoni kwangu, kama alivyopaona mumewe.

Watu wakanivamia. Mtu akanishika mkono, mwingine akanipokonya begi akaanza kulimwaga. Gosbert akawa anapiga kelele watulie, hakuna aliyemsikia. Kahigi akanijia na ile sururu, bado iko juu.

"Sema ulilitoaje chumbani kwa baba! Sema!"

"Muulize baba yako!" nikapiga kelele. "Muulize!"

Waliokuwa wanamwaga begi wakasita. Mkamwana hamtaji mkwe wake hivyo.

Fimbo ikagonga sakafu ya kibanda.

Mzee Aristides akapita katikati ya watu. Alikuja moja kwa moja upande wangu, upande ambao hajawahi kuukanyaga mimi nikiwepo. Akafika mbele ya mkewe, akanyoosha mkono. Mama mkwe akalishikilia shuka kifuani, anatikisa kichwa, anamwambia kwa midomo tu, usifanye, usifanye.

Akalichukua. Akainama kwa taabu, akalitia kwenye pipa kwa mkono wake mwenyewe, likaingia lote na maua yake. Akafunga mlango. Halafu akaegemeza mgongo wake kwenye mashine, uso kwa sururu ya mwanawe.

"Evangelina," akasema.

Sikujua kama analijua jina langu.

"Abee, Baba."

"Iwashe."

"Baba, toka hapo," Kahigi akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Toka hapo nilivunje."

"Mwanangu, ni mimi niliyekojoa," mzee akasema. "Sasa vunja."

Mama mkwe akakaa chini kwenye tope. Hakuna aliyesogea. Nikajinasua kwenye mikono iliyonishika, nikafungua koki, maji yakaanza kuingia. Kitufe kilikuwa nyuma ya bega la mzee. Nikapitisha mkono wangu juu ya koti lake, kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamgusa baba mkwe wangu, mbele ya ukoo wote, nikakizungusha.

Bibi akakohoa, akanguruma.

Na sururu ya Kahigi ilikuwa bado juu.